Pweza wa Bibi Yako Alikuwa Mgumu

Mwanangu Zuhura,

Barua za kwetu huanza kwa mtu kusema yeye ni mzima wa afya na wote nyumbani hawajambo. Nimekaa na kalamu tangu nilipomaliza kusali alasiri, na kila nikitaka kuandika hivyo mkono unakataa. Basi nitaanza bila ya hali. Salamu utazikuta mwisho.

Wewe umetoka kuaga. Umevaa baibui lako jipya, umechukua halua ya kumpelekea mama yako mkubwa, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana kila mlango utakaobisha watakukalisha, watakutilia chai, watakulilia kidogo, halafu watakuuliza kama ni kweli Muscat watu wanalala na viyoyozi. Nimebaki mimi na begi lako hapa ukumbini. Limefungwa, limepimwa, limefunguliwa, limetolewa achari yangu, limefungwa tena. Mambo ya begi sina la kuongeza. Wewe ni muuguzi, unajua kujitunza kuliko ninavyojua mimi, na huko ukiugua waliokuzunguka wote ni madaktari. Nataka kukwambia habari ya Jumapili, siku tuliyokwenda Chwaka kumuaga bibi yako.

Utasema, Mama, si nilikuwepo? Ulikuwepo, ndiyo. Lakini saa ile ulikuwa pwani.

Uikumbuke kwanza ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa siku nzuri na sitaki nikuharibie yote. Kipupwe kilikuwa kimeshika kweli kweli. Hapa mjini wazee wa barazani walikuwa wamejitanda mashuka wakibishana kama baridi ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana. Umeazima gari ya mjomba wako, umeendesha mwenyewe, na mimi pembeni nimepakata sufuria. Sufuria ndiyo kosa langu la kwanza la siku ile, nawe uliliona mapema. Nilikuwa nimepika samaki wa kupaka na wali wa nazi, nimefunga kwa kitambaa.

"Mama," ukanambia, "unapeleka samaki Chwaka? Si bora uwapelekee na maji ya chumvi."

Nikakwambia unyamaze utazame njia. Moyoni nilijiona nimefanya jambo la maana. Nilijua bibi yako atahangaika kutupikia, naye mtu mzima, na siku zile upepo wa kusi ulikuwa hauna mchezo. Nikasema nimpunguzie kazi.

Lakini mgeni anayekwenda na chungu chake anamwambia mwenye nyumba, huna uwezo wa kunilisha. Hilo nalijua. Nimepika harusi za watu umri wangu wote, nimeingia majiko ya kila namna, hakuna kiburi cha mwenye jiko nisichokijua. Nalijua na nikafanya vile vile, maana mimi tangu zamani nikitaka kumpenda mtu napika, na nikitaka kumkwepa mtu napika pia. Tangu baba yako, Mungu amrehemu, atutoke, Chwaka nimekwenda mara chache mno. Nilikuwa natuma kapu. Kila nikisikia kuna gari inakwenda, kapu. Mchele, sukari, tende za Ramadhani, mikate ya ufuta. Watu wakanisifu, mkwe gani huyu, hamsahau mama wa marehemu mumewe. Nikazila sifa zile na nikashiba. Kapu halina macho, mwanangu. Kapu likifika haliwezi kurudi likanambia kuwa bibi yako, Bi Mize, amekonda.

Tukafika. Chwaka ilipendeza siku ile hata mimi niliyeizoea nikashusha kioo nitazame. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, ghuba nzima ni mchanga na majani ya bahari, na wanawake kule mbali wameinama kwenye mwani wao, kanga zinapepea. Mashua zimelala ubavu. Pale kwenye mnada wa samaki dalali alikuwa na visamaki viwili vitatu, anavinadi kwa sauti ya mtu mwenye papa. Ukapiga picha ya mashua, ya dalali, ya paka anayemsubiri dalali. Nakumbuka ulisema, "Mama, kwetu kuzuri, na mie nnakuacha." Nikajifanya sikusikia, kwa sababu ningelia, na nilikuwa nimejiwekea nadhiri nisilie mbele yako mpaka uwanja wa ndege.

Bibi yako alikuwa amekaa kizingitini anatungoja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Usinisogelee sana, nna mafua. Nsije nkakwambukiza wakakuzuilia safari."

Alikuwa amejifunga kanga juu ya kanga, na juu yake koti la kijivu la baba yako, lile alilokuja nalo kutoka Muscat, na mtandio umezungushwa shingoni mpaka kidevuni. Ukamtania, "Bibi, baridi gani hii hata ukajifunga hivyo?" Akakujibu, "Ngoja ufike umri wangu, kipupwe utakiamkia shikamoo." Tukacheka sote. Mimi ndiye niliyecheka sana.

Kisha akaiona sufuria. Akaitazama, akanitazama.

"Mama Zuhura, umekuja na posho yako?"

"Nimekupunguzia kazi tu, Mama."

"Mie nshapika."

Akaisukuma kwa mguu nyuma ya mlango, na huko ilikaa mpaka tunaondoka. Ukanipiga jicho lile la si nlikwambia. Mimi nikanuna. Nikasema moyoni, mwanamke huyu na kiburi chake, hata leo. Nisamehe, na yeye anisamehe. Nilikaa chini na mnuno wangu kusubiri kulishwa na mtu ambaye hajaweza kula kwa miezi.

Akatutengea pweza wa nazi na muhogo. "Huyu nimemchokoa mwenyewe alfajiri," akakwambia, "kwa ajili yako." Ulikula vizuri na ukasifu, Mungu akuweke. Na mimi nikatia tonge mdomoni, nikatafuna. Nikatafuna tena. Pweza alikuwa mgumu.

Mtu mwengine angesema pweza mgumu ni pweza mgumu, hakuna la kufuatilia. Lakini mimi nimelijua jiko lile tangu nikiwa bi harusi. Pweza akitoka majini hupigwa. Hulazwa juu ya jiwe akapigwa kwa gongo mpaka alainike, na kila mwanamke wa pwani ana kiasi chake cha kuridhika. Bibi yako alikuwa haridhiki. Wiki niliyopelekwa Chwaka mara ya kwanza alinipa kazi hiyo, mtoto wa mjini mimi, mikono bado ina hina. Nikapiga nikachoka, nikasema tayari Mama. Akaja, akamgusa kwa kidole kimoja, akanirudishia gongo. "Huyu bado hajakubali," akanambia. Nilipiga siku ile mpaka hina ikachanganyika na malengelenge, na tulipokula nikaelewa alikuwa anasema nini. Pweza wa Bi Mize ulikuwa unamla kwa ulimi, meno yanapumzika. Kwa miaka yote niliyokaa katika ukoo ule sikuwahi kula kwake pweza wa kutafunwa.

Kwa hiyo tonge lile nilipolitafuna nilijua kuwa mkono uliompiga pweza yule si mkono wake. Nikaacha kununa. Nikamtazama. Alikuwa anafinyanga tonge ukingoni mwa sahani, analigeuza hivi na hivi, halipandi. Akaniona namwona. Hapo hapo akakwambia, "Mke mwenzangu, nenda katazame mwani wa binamu zako kabla maji hayajarudi, upige picha zako. Mama yako atansaidia vyombo." Ukavua viatu ukaenda.

Nikamfuata uani, jikoni. Ukutani ulikuwa umetundikwa mchokoo wake, ule mti wa kuchokolea pweza miambani, na utando wa buibui umeufunika kutoka juu hadi chini. Yeye amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ana kikombe cha uji wa mchele uliochujwa kwa kitambaa, anaunywa kwa kijiko cha chai. Kila akimeza alifumba macho na kujishika kifua.

"Mama, pweza nani kampiga?"

Akachota kijiko chengine cha uji.

"Mama, nakuuliza wewe."

"Mtoto wa jirani." Akaweka kijiko chini. "Nlimwambia ampige mpaka akubali. Watoto wa siku hizi hawana mikono. Umemjua?"

"Tonge la kwanza."

"Wewe mpishi," akasema, na akatabasamu.

Sifa hiyo hakuwahi kunipa tangu niolewe na mwanawe. Nikaanza kulia kabla sijajua ninalia nini.

Akaufungua mtandio. Zuhura, shingo ya bibi yako naweza kuizungushia mkono wangu mmoja. Akanieleza taratibu, bila kupandisha wala kushusha sauti. Chakula kilianza kukwama baada ya Ramadhani. Kwanza nyama, kisha wali, kisha hata mkate uliotoswa kwenye chai. Jirani akamleta mjini, hospitali, wakampitisha mpira wenye taa kooni, wakamwambia ni saratani na imeshakwenda mbali, hakuna la kukata. Wakampa dawa za kupunguza maumivu. Wewe utayaelewa maneno haya kuliko mimi, na ndiyo maana naogopa kuyaandika.

"Ulikuja mjini?" nikamuuliza.

"Mara mbili."

"Usije nyumbani?"

"Nlipita chini ya dirisha lenu. Nkasikia unatwanga. Nkasema nkipanda ngazi tu nshapatikana."

Hilo linaniuma kuliko yote, na nadhani litaniuma mpaka na mimi niende. Nilikuwa natwanga bizari ya pilau ya harusi ya watu nisiowajua, na chini ya dirisha langu amesimama mama wa mume wangu, hawezi kumeza chakula, ananisikiliza. Kisha akaondoka zake kupanda gari. Mimi jioni ile pengine nilimtumia kapu.

Ndipo nikaelewa na mambo mengine. Sisi tulitaka kwenda tangu kabla ya baridi, unakumbuka, na yeye akatuma salamu tungoje. Alikuwa anangoja kipupwe kishike. Alitaka sababu ya kujifunika mbele ya mjukuu ambaye kazi yake ni kutazama wagonjwa. Usijilaumu kuwa hukuona. Umefichwa na mtu hodari.

"Asiambiwe," akanambia. "Aende, aanze kazi, azoee. Na siku ikifika asiambiwe mpaka nshazikwa na arubaini imepita."

"Mama, huyu ni mtoto wa mwanao Haji."

"Ndiyo maana asiambiwe. Kwa kuwa ni mtoto wa Haji."

Hapa lazima nikurudishe nyuma, kwa sababu kuna jambo la baba yako ulilolisikia utoto wako wote bila kujua limetoka wapi. Wewe hujaanza hata chuo cha Kurani, yeye alikuwa Muscat, fundi umeme, kazi nzuri, wenye kazi wanampenda. Babu yako wa Chwaka akaugua. Bi Mize akasema, na wazee wote wakakubali, kuwa mtu aliye mbali haambiwi. Atafanya nini? Atalia ugenini peke yake, hana wa kumshika mkono. Kwetu ndivyo tulivyo, wala hatufanyi kwa ubaya. Tunamwonea msafiri huruma. Basi kila Ijumaa baba yako akipiga simu, mimi ndiye niliyeipokea, maana nilikuwa na ulimi mwepesi.

"Baba hajambo?"

"Hajambo, yuko shamba."

Hakuwa shamba. Alikuwa amelala chumba cha pili, hapa hapa kwetu mjini, tunamgeuza kwa shuka. Baada ya hapo akafa, akazikwa, na Ijumaa iliyofuata simu ikalia. "Baba hajambo?" Nikasema, "Hajambo, anakusalimu." Nilimpelekea mume wangu salamu za maiti, na nilizipeleka kwa kicheko, ili asishuku.

Alipokuja likizo alikuwa na miwani ya kusomea aliyomnunulia baba yake, kwa sababu mzee alikuwa akilalamika kuwa herufi za msahafu zimekuwa ndogo. Aliambiwa pale pale mlangoni. Hakugomba wala hakulia mbele yetu. Aliitoa miwani kwenye kasha lake, akaifuta kwa shati, akaiweka kwenye rafu. Muscat hakurudi tena. Bi Mize mpaka leo anaamini kuwa yeye ndiye aliyemkatia mwanawe riziki, kwamba Haji alibaki kwa kuogopa kufichwa mara ya pili. Nafikiri anaamini sawa.

Lililonifika mimi ni hili. Tangu siku ile, kila nilichomwambia baba yako, aliuliza, "Kweli?" Nikisema chakula tayari, "Kweli?" Nikisema Zuhura kafaulu, "Kweli?" Wewe ulidhani ni mzaha wake. Ulikuwa ukimwigiza tukikaa kula, unakunja uso kama yeye, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nainuka kwenda kuleta maji. Hakunilaumu hata siku moja, mwanangu. Aliuliza tu, miaka yote ile, kwa upole. Na siku zake za mwisho, nilipokaa naye kitandani nikamwambia utapona Haji, akanitazama akaniuliza, "Kweli?" Nami sikuwa na neno hata moja aliloweza kuliamini. Nilimshika mkono mpaka usingizi ukamchukua.

Sikuandikii haya ili uone mama yako mbaya. Nakuandikia kwa sababu nilimwambia Bi Mize hayo hayo, pale jikoni, huku nalia. Akasikiliza yote. Kisha akanishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa baridi na hauna uzito.

"Nlimrejesha mmoja," akasema. "Stamrejesha wa pili. Huyu akijua atabaki, na akibaki atanitazama nkiisha, na kazi itampita. Mie nshaishi, Mama Zuhura. Apa."

Nikajaribu kumkwepa. Nikamwambia nitampikia supu, nitaichuja, nitamletea kila siku. Akacheka kidogo. "Weka sufuria zako. Apa."

Nikaapa. Wallahi sitamwambia. Mtu anayekufa akikushika hivyo utaapa lolote.

Ukarudi kutoka pwani, pindo la nguo limerowa, umejaa hadithi za mwani. Ukamvuta mpige picha. Alikubali, lakini alivuta mtandio na kugeuza uso upande wa bahari, nawe ukasema Bibi ana madaha. Picha hiyo unayo. Itazame tena leo, utazame ule mkono ulioshika mtandio.

Kisha ukapiga magoti kumtaka radhi ya safari. Akakuwekea mkono kichwani, akasema, "Radhi nshakupa. Nakupa ya leo, na ya siku utakayotafutwa usionekane." Ukamwambia, "Mbona ntaonekana, Bibi, nnarudi likizo." Akasema, "Inshallah, mke mwenzangu." Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sufuria yangu mkononi. Nilijua siku anayoisema ni ipi, na wewe ulikuwa unatabasamu.

Njiani tulipopita Dunga ukasema, "Bibi kazeeka, lakini mzima."

"Mzima," nikasema.

Ukaendesha kidogo. Halafu, macho yako barabarani, ukaniuliza, "Kweli, Mama?"

Hukuwa na shaka, najua. Umeirithi tu, kama ulivyorithi masikio yake. Lakini mimi nilimsikia baba yako. Nikakujibu, "Kweli."

Tangu Jumapili ninapika na siijui chumvi. Jana nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa nyuma yetu, nikamweleza bila kutaja majina. Akanambia kiapo ukiona kheri iko katika kukivunja, unakivunja na unatoa kafara, unalisha masikini kumi. Akaniuliza kwa adabu, "Utaweza, Bi Mwanaisha, kulisha watu kumi?" Nikacheka, Mungu anisamehe, mbele ya mwalimu. Mimi nimelisha harusi za vijiji vizima. Nikarudi nyumbani nikatafuta kalamu.

Sikwambii ubaki wala sikwambii uende. Najua kazi hii umeihangaikia, na siwezi kukuahidi kuwa wakiisikia habari yako watakungoja. Najua pia bibi yako atakasirika na mimi, na pengine ataondoka duniani ameshikilia hasira hiyo. Nimeipima na nimeichagua. Radhi yake naihitaji, lakini sikuwa na njia ya kuipata bila kukuuza wewe, na nimeshafanya biashara hiyo mara moja. Ukienda, nenda unajua unamwacha nani na katika hali gani. Ukibaki, baki kwa kuwa umetaka, si kwa kuwa mtu amekufanyia hila. Ndege yako ni kesho jioni. Asubuhi yote ni yako, na gari ya mjomba wako iko nje na ufunguo uko juu ya rafu, karibu na ile miwani. Ukienda Chwaka mwambie avue lile koti. Mwambie mimi ndiye niliyesema. Mkae, mtazamane.

La kukuachia kutoka kwangu ni dogo. Usije ukawa mtu wa kutuma kapu. Huko utachoka, utakuwa na zamu za usiku, na itakuwa rahisi kutuma kitu kuliko kuuliza neno. Uliza, hata ukiogopa jibu. Na ukinipigia simu ukaniuliza habari za nyumbani, usione haya kuniuliza lile swali la baba yako. Nitakujibu lilivyo, hata kama litakuliza mbele ya watu usiowajua.

Barua hii siitii ndani ya begi, ukaja kuisoma angani ambako mtu hawezi kugeuza. Naiweka juu yake, hapa ukumbini, uione ukiingia tu. Mchele wa masikini kumi nimeshauchagua. Nitaupika kesho asubuhi katika sufuria ile ile iliyorudi kutoka Chwaka haijafunguliwa. Nasikia mlango wa chini, na sauti yako unamwamkia jirani. Unacheka. Nimekuacha ucheke ngazi hizi chache.

Sasa salamu, ambazo nilikuwekea. Mimi si mzima sana. Bibi yako anakufa, na anakupenda. Sisi wengine hatujambo.

Kweli.

Mama yako